Kandambili za Mama Zulfa

Harufu ya mafuta ya karafuu ndiyo inayonirudisha Goba. Kila Jumamosi asubuhi wanawake wa mtaa wetu walijipaka mafuta hayo mgongoni, wakavua kandambili barazani kwa Mwalimu Shirin na kuingia sebuleni kunyoosha viungo. Mwalimu, mama wa Kihindi aliyestaafu kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini, aliwafundisha yoga bure. Mama yangu alifua nguo katika nyumba za watu na mgongo wake ulikuwa umeshagoma, basi nami nilimfuata nikapewa kipande changu cha mkeka. Kabla hatujainua hata mkono, Mwalimu alitukumbusha mambo matatu: usidhuru, sema kweli, usichukue usichopewa. "Mnaweza mkajikunja kama chapati," alisema, "lakini ukitoka hapa ukamuumiza mwenzio, hiyo yoga yako ya wapi?" Wanawake walicheka, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na kandambili za aibu. Zilikuwa za mama, mkanda umekatika ukaungwa kwa waya, na shuleni walinicheka mpaka nikaona afadhali kutembea peku. Pale barazani karibu zote zilikuwa za bluu, zimenunuliwa duka moja, na ilikuwa kawaida mtu kuondoka na za mwenzake. Wa mwisho alivaa zilizobaki, na Jumamosi iliyofuata walibadilishana huku wakitaniana. Mimi nikajificha ndani ya kawaida hiyo. Siku moja, wote wakiwa wamelala chali na kufumba macho, nilitoka polepole, nikavaa kandambili mpya za Mama Zulfa, jirani yetu muuza vitumbua, nikaacha zangu. Mama aliponiuliza, nilisema nimepewa na Mwalimu. Alikuwa amechoka mno kuuliza mara ya pili.

Jumamosi iliyofuata Mama Zulfa hakuja. Siku ile waya wa kandambili zangu ulikuwa umemchoma kidole gumba cha mguu akipanda kilima kurudi kwake, na kwa kuwa alikuwa na sukari, kidonda kilikataa kupona. Mwishowe walimkata kidole. Vitumbua vikaishia hapo. Kiangazi chote nilimpelekea maji, kila siku akaniombea dua, na kila siku nikaitikia amina na kunyamaza. Niliona haya mpaka nikakosa usingizi.

Sasa naishi Boko, mama hayupo tena, na mgongo unaouma ni wangu. Ukumbi wa yoga ninaokwenda una kabati lenye namba kwa kila jozi ya viatu. Huwezi kuondoka na vya mtu. Hatuambiwi usidhuru wala sema kweli. Tunaambiwa tuvute pumzi, lakini kila nikilala chali namwona Mama Zulfa. Mwezi uliopita, nimechoka kunyamaza, nilikwenda Goba, nikamwamkia, nikamweleza yote. Alinisikiliza akiendelea kuchagua mchele kwenye ungo.

"Mie nilikuonaga siku ile," alisema. "Sikuwa nimefumba macho. Nikasema moyoni, mwache avae, mtoto wa watu anachekwa shule." Akautazama mguu wake. "Ila waya, mwanangu, huo sikuuona."

Nilirudi Boko nikiwa nimechoka kuliko nilivyokwenda. Kandambili, kumbe, nilikuwa nimepewa. Kidole ndicho sikupewa.