Gari la Maman Lilivyokokotwa hadi Ardenne

Harufu ya mpira unaoungua huwafanya watu wengine wafunge madirisha. Mimi hufungua la kwangu. Hunirudisha kwenye mtaa wetu wa Koekelberg, Brussels, kiangazi kile nilipomaliza darasa la tano, basilika likiwa limekaa kule juu kama kawaida yake, na mimi nikiwa mtoto mwenye msimamo mmoja tu maishani: sitoki nyumbani. Wenzangu waliililia bahari. Mimi nililia nikitumwa mkate. Nilikuwa na kitanda changu, dirisha langu na blanketi lenye harufu yangu, na sikuona Ubelgiji iliyobaki ingeniongezea nini.

Mtu kama huyo ndiye aliyejaliwa baba aliyenunua gari-nyumba. Lilikuwa kubwa, kuukuu, lenye jiko na vitanda ndani, na Papa alilisugua kila jioni kana kwamba kesho linaolewa. Tungekwenda Ardenne, kwenye misitu ya kusini, alisema, tukalale kando ya mto kama watu wengine. Maman alikubali kwa sharti moja: gari lake dogo liende pia. "Fasi yenye siwezi kujirudisha miye mwenyewe, siende," alisema, akaendelea kuchambua sombe, yale majani ya muhogo. Hakuwa anatania. Miaka yake ya kwanza hapa Brussels alisafiri kwa hisani ya Tonton Placide, mdogo wake Papa, mtu ambaye "sasa hivi" yake ilianza asubuhi na kuisha jioni. Siku moja huko Liège, kwenye matanga, Tonton aliona Maman anakawia kuwaaga wafiwa, akawasha gari akaondoka zake. Maman alirudi kwa treni, viatu mkononi. Wiki ileile alijiandikisha kujifunza kuendesha, na gari lile, dogo, lililoinuka kidogo, la rangi ya maharage, alilipata kwa kusuka vichwa vya watu kwenye saluni za barabara ya Chaussée de Wavre mpaka vidole vikagoma kukunjuka.

Mzee aliyemuuzia Papa gari-nyumba alimpa pia chuma chenye umbo la herufi A. Kichwa chake kinashika nyuma ya gari-nyumba, miguu yake miwili inashika mbele ya gari dogo, na gari dogo linafuata kwa magurudumu yake yote manne, bila trela, bila dereva. Papa alitueleza hadi tukachoka: gia itolewe, breki ya mkono iachiliwe, usukani uwe huru. Maman aliitikia. Lakini asubuhi ya safari alirudi kwenye gari lake kuchukua kitambaa chake cha kichwa, na alipokuwa anatoka mkono wake ukafanya kile ulichofundishwa. Babu, baba yake, dereva wa Lubumbashi, alimfundisha mambo ya magari kwa pikapu isiyo na breki za maana. Kwake yeye, gari lililoachwa bila gia ni mtoto aliyeachwa kando ya kisima. Mpaka leo Maman hubeba tofali kwenye buti, la kuzuia gurudumu, ingawa breki zake hukaguliwa kila mwaka. Basi akaingiza gia ya kwanza, akavuta breki ya mkono, akafunga mlango, akaja kukaa mbele karibu na Papa, moyo wake umetulia kabisa.

Papa akaondoka. Gari dogo halikutaka. Lilipiga ukelele, likaburutwa nusu ya mtaa, moshi wa tairi ukapanda hadi kwa majirani waliokuwa madirishani na kahawa zao. Tonton Placide, aliyedai amekuja kutuaga, alikuwa ameegemea ukuta akijipiga mapaja kwa kicheko. "Nilisema miye! Gari haiko mbuzi, hauikokotake! Bon, Mama Bijou, nipatie funguo, nitaichunga." Na mkono alikuwa ameshaunyoosha. Papa, shati limemganda mgongoni, aliitazama michirizi myeusi barabarani, akasema polepole, "Tuiache tu, chérie." Mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeshashuka na mto wangu, nimekimbia hadi mlangoni kwetu, uso umenawiri kama wa mtu aliyeachiwa huru na mahakama.

Maman hakutoa funguo. "Gari yangu ikibakia, na miye nabakia. Enda na nyumba yako," alimwambia Papa. Kisha, bila hata kugeuka: "Bijou, rudia mu gari." Nilirudi. Akaingia katika gari lake, akatoa gia, akaachilia breki, akageuza ufunguo hadi usukani ukalegea, akazunguka akipapasa tairi moja moja kama anayepima homa. Zilikuwa zimechubuka, hazikupasuka. "Zunguka basilika kwanza," alimwamuru Papa. "Yote muzima. Placide aone." Tukazunguka. Gari la rangi ya maharage lilitufuata kila kona, usukani ukijigeuza wenyewe, hakuna mtu ndani, na tulipopita tena mbele ya Tonton, Maman alimpungia mkono kama bibi harusi.

Huko Ardenne mvua ilinyesha, jambo lililonipa haki ya kubaki kitandani. Jumapili Maman alifungua chuma, akaondoka na gari lake peke yake, akarudi saa sita. Papa akamuuliza alikuwa wapi. "Sikuenda fasi. Nilitaka tu kuona kama narudia."

Gari-nyumba liliuzwa zamani, na lami mpya imeifunika michirizi yetu. Mimi ni yuleyule. Naishi mitaa miwili kutoka pale, nina gari dogo ambalo majani makavu yanalijua kuliko mimi. Watu wa rika langu hupanda ndege kwenda kupiga picha za chakula. Mimi husafiri hadi dirishani. Tonton Placide, magoti yamemchoka, sasa ndiye anayesubiri kupelekwa sokoni Molenbeek. Nampeleka, na sijawahi kumwambia "sasa hivi". Shukrani yake ni uchokozi: "Bijou, weye na nyumba kama konokono. Hiyo gari nipatie basi, iko nalala bure." Namwambia, Tonton, ilale. Enzi zile Maman ilimbidi aujaze moshi mtaa mzima ili aende. Siku hizi mimi nagombana na ukoo mzima ili nibaki, na kwangu ugomvi ni uleule. Namshusha kwake, narudi kwangu, naingiza gia ya kwanza, navuta breki ya mkono, naweka tofali. Nikishabadili nguo, funguo nazitia mfukoni mwa gauni la kulalia, ingawa ndiyo kwanza saa nane mchana.