Majina Aliyoyaandika Daftarini

Juzi nilipita Mtongwe nikamwona msichana wa utafiti ameinama ufuoni, anapima joto la maji. Nikamkumbuka mwingine, wa alasiri moja nilipokuwa mdogo, nimefuatana na mama kuchokoa pweza kwenye matumbawe maji yalipokupwa.

Kulinuka mwani uliokauka na mafuta ya meli. Tangu adhuhuri mama hakuwa amepata kitu. Mtafiti yule, mwanamke mwenye viatu vya mpira, alimsogelea kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Zamani mlikuwa mkipata nini hapa?"

Mama alinyoosha mgongo polepole, akataja pweza, kome, tasi, chewa, na wengine nisiowajua. Kila jina liliandikwa daftarini. Mimi nilidhani ni kama daftari la mahudhurio la mwalimu wetu, kwamba waliokosekana wataitwa, nao watakuja. Nikafurahi.

"Watarudi lini?" niliuliza.

Mtafiti aliacha kuandika. "Sijui, mwanangu. Maji yamezidi joto, na matumbawe yanakufa."

"Wallahi nilijua," mama alisema. "Nilikuwa sitaki tu kuambiwa."

Tulirudi nyumbani na ndoo tupu, na mama hakushuka tena baharini. Wiki iliyofuata alianza kukaanga viazi karai vya kuuza mlangoni petu, kutwa nzima mbele ya moto. Nilidhani anapumzika mpaka pweza warudi. Kwa miaka nilishangaa mbona mapumziko yale yanamchosha hivyo.