Miaka Minane Nilimwombea Marehemu Aliye Hai

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, fundi cherehani hapa Geita. Mume wangu anatengeneza pampu za kuvutia maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Tuna miaka minane ya ndoa na binti mmoja wa miaka sita, nitamwita Minza. Sisi ni Wabahai. Najua wengi mtauliza hao ni watu gani, hata majirani zangu bado wanaamini tunaabudu nyota. Nyie shikeni hili moja tu: kwetu ndoa haifungwi mpaka wazazi wote walio hai, wa pande zote mbili, waridhie. Mmoja akikataa, hakuna ndoa, hata mpendane vipi.

Nilipochumbiwa, wazazi wangu waliridhia, na baba mkwe anayeishi Isaka akaridhia. Kuhusu mama yake, mchumba wangu alisema alishafariki, aligongwa na nyoka kwenye shamba la pamba huko Kishapu, yeye akiwa darasa la tatu. Nilimhurumia mno. Binti yetu alipozaliwa ni mimi mwenyewe niliyesema apewe jina la bibi yake, ndilo hilo Minza. Na kwenye sala zangu nilimtaja yule mama kila siku, jamani, kila siku, ili Mungu amwinue huko aliko. Mume wangu anakaa pembeni ananisikiliza, nikimaliza anashukuru. Anasema hakuna mwanamke kama mimi.

Hivi karibuni zamu yetu ya hija ikafika. Hija yetu ni siku tisa, huko ng'ambo kwenye miji ya Haifa na Akka, unaomba halafu unasubiri kuitwa. Sisi tulisubiri miaka mitano. Mtoto tukamwacha kwa mama yangu. Niwaambie ukweli, sijawahi kuona mahali kama pale. Bustani zinashuka na mlima mzima, majani yamekatwa sawasawa, maua yamepangwa, na watu wanatembea bila kelele. Mimi niliyezoea vumbi na mlio wa karasha za kusaga mawe, siku ya kwanza masikio yalikuwa kama yameziba. Nililia kwa furaha bila aibu.

Siku ya nne tuliingia kwenye kaburi takatifu la mwanzilishi wa imani yetu kule Akka. Unavua viatu, unaingia kwenye zulia, unapiga magoti kwenye kizingiti chenye maua. Nilikuwa nimejiapiza kwamba wa kwanza kumwombea pale atakuwa mama mkwe. Nikamtaja kwa jina, kwa sauti ndogo. Mume wangu aliyekuwa ubavuni mwangu akainuka akatoka. Nilimkuta bustanini chini ya mzeituni. Akasema, "Mama Minza, usimwombee tena kama marehemu. Mama yupo. Yupo Kishapu, alikataa nikuoe."

Mahali pale huwezi kugombana. Kama tungekuwa Geita mtaa mzima ungejua, maana mimi si mtu wa kununa, mimi ni mtu wa kusema. Lakini siku tano zilizobaki nilitembea na wenzangu, nikatabasamu kwenye kila picha, na moyoni nilijiona mjinga kuliko wajinga wote. Kila nikipiga magoti, nikifika kwenye jina la mama mkwe najikatisha. Nilisubiri miaka mitano kufika pale, na mume wangu akaninyang'anya hija yangu pale pale.

Tuliporudi nilimchukua mtoto nikaenda Isaka kwa baba mkwe. Hakushangaa hata kidogo. Akanielekeza kijiji cha mke waliyetengana zamani, huku anaangalia chini. Kumbe siku ile anaweka sahihi ya kuridhia ndoa yetu alikuwa anajua kila kitu.

Nilimkuta mama mkwe asubuhi, kwenye kijiji kilicho baada tu ya mji wa Mhunze, amekaa mlangoni anachambua pamba. Nikapiga goti nikamsalimia kwa lugha ya kwao, mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, akaitikia akauliza mimi ni wa nani. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akasema hakuwahi kukataa. Alichomwambia mwanawe ni kwamba amlete huyo binti amwone kwanza, pamba ikishauzwa. Baadaye mwanawe akaenda kumwambia tumeachana, na miaka yote hii akipita kumsalimia anamwambia bado anatafuta mke.

Kisha akaniuliza, "Alisema nilikufa kwa kitu gani?"

Nikamwambia nyoka. Akaitazama miguu yake muda mrefu. Akamwita mjukuu wake, akamuuliza anaitwa nani, mtoto akataja jina. Yule mama akamkalisha mapajani, machozi yakamtoka, na uji ulipoiva akamnywesha mwenyewe.

Mume wangu nimembana. Anasema siku ya harusi ilishapangwa, aliogopa mama asingenipenda, basi akadanganya mara moja, na uongo ukaendelea wenyewe. Nyoka na jina la mtoto pia viliendelea vyenyewe? Sasa ananibembeleza tusiwaambie wazee wa jumuiya wala wazazi wangu, tumalize kimya kimya, maana yeye ndiye anayefundisha watoto wetu darasa la maadili. Somo analolipenda ni ukweli.

Mama mkwe amenitumia ujumbe kwamba yuko tayari kuweka dole gumba kwenye karatasi ya kuridhia. Kwa imani yetu hiyo maana yake tufunge ndoa upya, na mimi niulizwe upya kama namtaka huyu mwanaume. Miaka minane iliyopita nilijibu kabla swali halijaisha. Safari hii ana wiki ya tatu anasubiri. Ni baba wa mtoto wangu, hajawahi kunipiga, hajawahi kulala nje, na bado nampenda, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lakini akiniambia hata kwamba mvua inanyesha, natoka nje kuangalia.

Mama niliyekuwa namzika kila siku ameridhia. Aliyebaki ni mimi. Mngekuwa nyie, mngemjibu nini?