Nyumba ya Bibi Ndani ya Simu

Pale sokoni Nyakahura, kijana anayeuza magemu ya simu alinionyesha ya mpira na ya vita. Mimi nikachagua lenye nyumba iliyochorwa pembetatu nyeusi na nyeupe.

"Hilo halina hata bunduki," akanicheka. "Ndugu yangu, unanunua ukuta!"

Ni kweli. Bibi, mzaa mama, alizichora kuta zake vile vile, kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Alipokufa, mama alikuwa mgonjwa, hakufika kumzika. Tulipokwenda baadaye, mvua ilikuwa imeshaibomoa nyumba.

Jioni nilimwonyesha mama lile gemu. Aliitazama ile nyumba kwa karibu. Nilipotaka kumwingiza ndani mtu wangu wa kwenye gemu, akanishika mkono.

"Huingii kwa bibi yako bila hodi."

"Mama, gemu halina hodi."

Akaisogeza simu mdomoni, akaita mwenyewe, "Hodi!"

Tukangoja. Kidole changu kilikuwa mbali na kioo, lakini mlango ulifunguka taratibu. Ndani kulikuwa na giza tu.

Mama akapiga magoti. "Shikamoo, mama," akasema, akaendelea kungoja.