Chaki kwenye Boila

Miaka kumi na mmoja niliwasha boila na kupaka mashine grisi kwenye meli ya abiria ya mvuke, Ulaya kwenda Amerika, Amerika kurudi Ulaya. Juu watu wanacheza dansi, chini sisi jasho linatutiririka, na wallahi niliipenda kazi ile. Nilitafutiwa na mtu wa kwetu Tanga, fundi mkuu wa mashine. Nilimwita kaka, ingawa hatuna babu mmoja.

Meli ilipochakaa, kaka akatuambia tunaipeleka Guangzhou, Uchina, kutengenezwa, kisha tutarudi nayo kazini. Abiria hatukuchukua. Akanipa boksi la chaki.

"Weka alama kila penye ubovu, mdogo wangu. Mafundi wa kule wasije wakapitwa na kitu."

Ndiyo desturi kabla ya matengenezo makubwa. Safari nzima nikawa natambaa chini ya mabomba. Valvu inayovuja, duara. Bomba la kubadilisha, msalaba. Niliungua mkono mara mbili. Hata ubovu mdogo tuliouzoea niliuchora, maana nilitaka meli yetu irudi nzima.

Tulifunga gati mtoni kule Guangzhou, ng'ambo ya mtaa wa Nansha. Asubuhi yake nikamkuta kaka anafungua skrubu za saa ya shaba ya chumba cha mashine, taulo lake tayari pembeni la kuifungia.

"Na saa nayo inatengenezwa?" nikamuuliza.

Hakunitazama. "Meli inakatwa. Imeshauzwa chuma chakavu."

"Umejua lini?"

"Kabla hatujang'oa nanga."

"Na chaki ulinipa ya nini?"

"Ungejua, ungeziwasha boila kwa moyo ule? Mimi nilitakiwa kuifikisha."

Kumbe safari nzima ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Angekuwa nahodha, mzungu nisiyemjua, ningemeza. Lakini huyu tulikula sahani moja. Nilimchukia siku ile, na mpaka leo sijamaliza kumchukia. Wenzangu walipokwenda naye uwanja wa ndege, mimi sikupanda gari lao.

Nilishuka chini kuiaga mashine. Wakata vyuma walikuwa wameshaingia na mitungi yao ya gesi. Mmoja wao, mtu mzima, akaiona misalaba yangu, akaninyooshea dole gumba, anacheka kwa shukrani. Alidhani nimewachorea pa kukata. Akawasha moto, akaanza na msalaba wa kwanza.