Dagaa za Jirani

Mama aliponipigia simu kwamba miguu ya bibi imevimba na hawezi tena kushuka ufukweni, nilikata tiketi ya basi siku hiyo hiyo. Safari nzima kutoka Dar es Salaam nilikaa nimekumbatia mkoba kifuani, na kila abiria aliyeniuliza naelekea wapi nilimjibu kwa mkato. Ndiyo tabia niliyorudi nayo nyumbani baada ya miaka kumi na minane ya mjini. Nakuambia mapema, rafiki yangu, usije ukanishangaa huko mbele.

Kibirizi, kwetu kando ya ziwa, imebadilika kidogo. Zamani dagaa tulianika juu ya mchanga, siku hizi wengi wana vichanja vya waya, na karabai za wavuvi zimeziachia nafasi taa za betri. Harufu ni ile ile. Ikishakuingia utotoni haitoki, hata uoge na sabuni gani. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa akitukalisha sisi watoto wa Kibirizi karibu na dirisha, na akipita kusahihisha madaftari yetu alipumua kwa mdomo. Sisi tuliona tumependelewa, maana dirishani ziwa lilionekana lote. Mimi hasa nilihitaji kuliona. Niliogopa mvua tangu nikiwa mdogo. Jicho moja lilikuwa ubaoni, jingine kwenye milima ya Kongo ng'ambo, nikichungulia kama bado ipo au imeshafunikwa.

Dagaa zilizovuliwa usiku huanikwa asubuhi. Jua likiwaka vizuri, jioni ukizikusanya zinachakarika kama majani makavu. Mvua ikizikuta mbichi zinageuka njano, zinaanza kunuka, na jasho la usiku kucha linaishia kuwa chakula cha kuku. Bibi alitulea kwa dagaa hizo. Asubuhi tulisikia mafagio ya akina mama yakitandaza mchangani, huku na huko, kabla hata ya chai. Saa nne tulizigeuza. Saa saba tulikula palepale, ugali wa muhogo na dagaa za mawese zilizopondewa pilipili, na kila mtoto aliyekuwa karibu alinawa mikono akakaa. Hata nikiwa natafuna, niliinua macho kutazama juu. Bibi alinitania kwamba shingo yangu itakomaa hivyo hivyo.

Upande wetu wa kulia alianika jirani, mama aliyevuka ziwa kutoka Kongo akiwa binti na kuolewa hapa. Sauti yake ilishinda king'ora cha meli, na mara nyingi yeye ndiye aliyeliona wingu kwanza. "Mvula inakuyaaa!" Hapo ufukwe mzima uliinuka. Na tulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Mtu hakuanza na dagaa zake. Ulianza na za yule asiyekuwepo, aliyekwenda msibani au kliniki au sokoni, ukazianua, ukazifunika, ndipo ukakimbilia zako. Hakuna aliyeacha maagizo alipoondoka. Bibi alikuwa na msemo wake: "Anza na za mwenzio. Zako nazo zina mwenzio."

Siku moja tulikwenda msibani Ujiji, na mvua ikatukuta tukirudi. Nililia njia nzima. Bibi alinikaripia ninyamaze, lakini niliona naye anaongeza mwendo. Tulipofika, dagaa zetu zilikuwa chini ya turubai, kavu kabisa. Jirani alikuwa anakamua kitenge chake, na nusu ya dagaa zake zilikuwa zimelowa chapachapa, kwa sababu alianza na zetu. Bibi alichukua fagio, wakaanza kuzitenga zilizolowa na zilizopona, huku wakizungumza habari za msiba, nani amekuja na nani hakuonekana. Nilikaa nikawatazama. Sikumbuki kama nimewahi kujisikia salama namna ile tena.

Nilipofikisha miaka ishirini na mmoja nikaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Nilipanga chumba Tandika, nyumba ya wapangaji saba, uani kuna kamba moja ya kuanikia nguo. Wiki ya tatu, mchana, mvua ikaja. Sikufikiri hata kidogo. Nilipiga kelele, "Mvua!", na hakuna aliyetoka, basi nikaanua nguo za nyumba nzima, zangu za mwisho, nikazikunja vizuri na kuzipanga kitandani kwangu. Mjinga mimi, nilikuwa na furaha. Niliona leo ndiyo nitakuwa mwenzao.

Mpangaji wa chumba cha mbele alirudi, akakuta kamba tupu, akapiga ukunga wa mwizi. Nikatoka mbio na nguo zake mikononi.

"Nani kakutuma?"

Nikamwambia mvua ilikuwa inanyesha.

"Sikuulizi habari za mvua. Nakuuliza nani kakutuma uguse vitu vyangu!"

Alizikagua moja moja mbele ya watu, hadi soksi. Jioni mama mwenye nyumba alinivuta pembeni, akaniambia kwa huruma kabisa, "Mwanangu, mjini ukiona cha mtu, kipite. Hata kikiungua."

Nikajifunza, na mimi nikiamua kujifunza nafuzu. Nilijifunza kutofungua mlango kwa hodi nisiyoijua sauti yake, kutomsifia mtoto wa mtu, kuongeza sauti ya redio ukuta wa pili wakianza kupigana. Siusemi mji vibaya. Umenipa kazi, umenisomeshea watoto, na masomo hayo yameniokoa zaidi ya mara moja. Ila hofu ya utotoni ilikuwa na pa kuishia. Ulikimbia, ukaanua, ukafunika, ikaisha. Hofu ya mjini huna cha kuanua. Unalala nayo, unaamka nayo, mwisho unaiona ni akili.

Sasa basi, siku ya tatu baada ya kufika, nilishuka ufukweni badala ya bibi. Jirani bado yupo, amezeeka, mgongo umepinda. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akanishika mashavu kwa mikono yake yenye magamba ya dagaa. "Marahaba, mwanangu. Umerudi kweli weye?" Nikajisikia mtoto. Mchana akapigiwa simu kwamba mjukuu wake, kule Katubuka, ana homa kali inamtetemesha. Alijifunga kitenge, akapanda bodaboda, akaondoka. Kuhusu dagaa zake hakuniambia neno. Hakugeuka hata kutazama nyuma.

Saa tisa milima ya Kongo ikatoweka. Nilikuwa nimeshasimama kabla upepo haujafika. Nikasubiri mtu apige kelele, na hakuna aliyepiga. Mabinti wa vichanja vya mbele, masikioni wamechomeka visikilizio, walianza kufunika za kwao kimyakimya. Nikakimbilia za bibi. Nikazikusanya, nikavuta turubai, nikakandamiza pembe zote nne kwa mawe. Na muda ulibaki. Nakuapia, muda ulibaki.

Vichanja vya jirani vilikuwa hatua nne kutoka niliposimama, turubai lake limekunjwa chini yake. Nilikwenda hadi pale. Nilinyoosha mkono. Ndipo nikalisikia swali lile, waziwazi, kana kwamba yule mpangaji amesimama nyuma yangu: nani kakutuma? Nikawaza, labda amemwachia mtu. Labda zikipungua nitaulizwa mimi. Labda siku hizi hawapendi kuguswa vitu vyao. Nilikuwa nageuka huku na huku kutafuta mtu wa kumwomba ruhusa, mtu mzima mimi, wakati matone ya kwanza yanaanguka juu ya waya. Halafu ikashuka yote. Nikaingia chini ya banda, nikasimama pale nikizitazama zinavyolowa.

Alirudi jioni. Mtoto alikuwa ametulia. Alitazama vichanja vyake, akatazama turubai la bibi, akanitazama mimi.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nilikuwa hapa."

Alidhani sikumwelewa. "Wakati wa mvula."

"Nilikuwa hapa hapa, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akainama, akaanza kuzizoa kwa viganja.

Nilimweleza bibi kila kitu, maana kwa bibi sijui kudanganya. Alimaliza kujipaka mafuta miguuni. Kisha akasema, "Mpelekee zetu." Nilibeba gunia kichwani hadi kwake. Jirani alichukua nusu, nusu akanirudishia, akasema mvua ni ya Mungu. Niliondoka nikijidanganya kwamba yameisha.

Lakini sikulala vizuri. Kwa miaka mingi, nikiwa Tandika, nilijipangia kwamba nikizeeka nitawasimulia wajukuu jinsi desturi ya Kibirizi ilivyokufa, na lawama nilikuwa nimeshawatayarishia vijana wa siku hizi na visikilizio vyao. Sikujipanga kuwemo. Wale mabinti waliniona siku ile. Waliniona mimi mkubwa, mjukuu wa bibi aliyewafundisha mama zao, nimekunja mikono bandani. Mtoto hasahau kitu cha namna hiyo, na najua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe sikusahau cha kwangu.

Siku ya pili yake jua liliwaka. Jirani alianika alichobakiza, na ilimpasa kurudi Katubuka kumtazama mtoto. Nilimwona anajifunga kitenge, na moyo wangu ukajiandaa. Usiku kucha nilikuwa nimeapa kwamba leo sitabandua jicho, leo nitaanza na zake hata kwa wingu la uongo. Nilitamani tu aondoke kama alivyoondoka jana yake, asinitazame, aniachie.

Akaja mpaka nilipo. Akasimama mbali kidogo, mikono ameifumbata mbele, akaongea kile Kiswahili cha polepole anachowawekea wanunuzi wanaotoka mbali.

"Samahani, mama. Kama haitakuwa shida, naomba uniangalizie dagaa zangu."

Nikamjibu haina shida. Hakukuwa na wingu hata moja siku ile, ila nilisimama kando ya vichanja vyake tangu saa tatu hadi magharibi, nikiogopa hata kwenda kula.