Hofu ya Kaka Yangu

Katekista aliyetufundisha dini kule Kharumwa alipenda kusema kwamba mtu ni kama mkulima na maksai wake: akili imeshika plau, hisia zinavuta. Maksai hachagui njia. Hofu aliiita maksai mbovu kuliko wote, na sisi watoto tulimwelewa haraka, maana hakuna ambaye hakuwahi kuburutwa na maksai shambani.

Nilikwenda na mafundisho hayo hadi Rwamgasa, kwenye duara ninamochimba dhahabu na kaka yangu. Duara ni shimo tu, jembamba na refu, kuta zake zimezuiwa na magogo tunayoyaita matimba. Yeye hushuka, mimi hushika kamba. Kwetu anayeshika kamba ndiye anayemwombea anayeshuka, tena kwa sauti, amsikie akiwa anakwenda. Sala yangu haikubadilika: Bwana, mwondolee hofu. Yangu mwenyewe ilinijaa, lakini aliye juu nani amwombee?

Wiki iliyopita, baada ya mvua, kamba ilitikiswa kabla hata hajaanza kazi. Nikamvuta upesi. Alitoka jasho linamchuruzika, meno yanagongana, mtu mzima mwenye watoto wake. Hata hajakaa sawa, kule chini kikaporomoka kitu kizito na vumbi likatupanda usoni.

"Uliona ufa?" nikamuuliza.

"Sikuona kitu. Akili iliniambia matimba ni mazima, nimeyafunga mwenyewe. Tumbo ndilo lililokataa." Akanishika mkono. "Mdogo wangu, achana na hiyo sala yako. Hata Bwana aliogopa kule bustanini, usiku ule kabla ya msalaba, na hatusemi alipungukiwa kitu. Siku ukiniona siogopi, usinishushe."

Maneno hayo yalinitisha kuliko lile vumbi. Kama hofu nayo Mungu ndiye aliyeiweka ndani ya mtu, basi muda wote huo nilikuwa namwomba amnyang'anye kaka yangu sehemu ya nafsi yake. Na je, kama alikuwa ananisikia?

Tulizibua shimo, tukaweka magogo mapya. Jana asubuhi nilimsikia kaka kabla sijamwona: anakuja akipiga mluzi. Akajifunga kamba kiunoni bila hata kuinama kuchungulia chini.

"Leo nimeamka mwepesi," akasema. "Sina hofu hata chembe. Haya, omba nishuke."

Matimba nilikuwa nimeyakagua mwenyewe, moja baada ya jingine, na akili haikuwa na neno la kupinga. Nikafungua mdomo niombe, sala haikuja. Nikaikalia kamba.

"We, vipi? Unaogopa?"

"Naogopa, kaka. Naogopa kwa niaba yako."

Alitaka kucheka, akaniangalia, asicheke. Akageuka, akainama kulichungulia shimo. Kisha nikaona magoti yake yanaanza kutetemeka, nikamshukuru Mungu.